Nani wa Mwisho Darasa la Kwanza?

Mijadala yetu ya elimu hupenda kuanzia juu. Tunabishana kuhusu mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu, kuhusu wahitimu wasio na ajira, kuhusu lugha ya kufundishia sekondari. Mimi mwenyewe, kwa kuwa ni mhadhiri, nimeandika mara nyingi juu ya mambo hayo. Leo naomba msomaji aniruhusu niteremke hadi darasa la kwanza, tena katika wiki zake za mwisho wa mwaka, kwa sababu nimesadiki kwamba mengi tunayoyalalamikia huku juu hupandwa kule chini, na aghalabu hupandwa na watu wenye nia njema.

Mdogo wangu wa kike ni mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya msingi inayomilikiwa na kanisa. Sitaitaja shule wala kanisa, maana ninayoyaeleza hayahusu shule moja wala dhehebu moja. Ni shule ya mchepuo wa Kiingereza, mojawapo ya zile ambazo mtaani huitwa Inglishi Midiamu ili kuzitenga na shule za umma, ambazo nazo zimebandikwa jina la Kayumba. Mwishoni mwa Novemba mwaka jana alinipigia simu akaniomba nimsaidie kufunga mwaka. "Kaka, nina ripoti arobaini na tatu," aliniambia. "Wewe njoo unisomee alama, mimi niandike."

Nilikaa naye darasani Jumamosi nzima, na tena Jumapili baada ya ibada. Kazi ya kufunga mwaka katika darasa la kwanza ni kubwa kuliko wanavyodhani watu wa kada yangu. Kwanza ni kubandua chati za ukutani: herufi, namba, sehemu za mwili, siku za juma, na mistari ya Biblia iliyoandikwa kwa kalamu za rangi kwenye karatasi za manila. Kisha ni kuhesabu vitabu vya kiada na kuandika vilivyochanika na vilivyopotea. Vijiti na vifuniko vya chupa za soda vilivyotumika kujifunzia hesabu vilirudishwa katika makopo yake, kumi kumi. Madaftari yalifungwa kwa kamba, kila mtoto na fungu lake. Azimio la kazi na maandalio ya masomo vilipangwa kwenye jalada ili wathibiti ubora wa shule wakija wavikute. Hayo yote tuliyamaliza kabla ya saa nane mchana. Ripoti ndizo zilizotuchukua siku iliyobaki na siku iliyofuata.

Kila ripoti ilikuwa na safu ya masomo, alama, daraja, maoni ya mwalimu wa darasa, na chini kabisa kisanduku kimoja kilichoandikwa maneno mawili tu ya Kiingereza, yaani nafasi ya mtoto darasani. Hapo ndipo mdogo wangu aliposimamisha kalamu.

Hebu tuzitazame namba zenyewe. Mtoto aliyeshika nafasi ya kwanza alikuwa na wastani wa alama 97. Kati ya mtoto wa nafasi ya kumi na yule wa nafasi ya ishirini palikuwa na tofauti isiyofika alama tatu. Alama tatu kwa mtoto wa miaka sita ni herufi iliyogeuzwa mgongo, au swali ambalo hakulisikia kwa sababu mwenzake alikohoa. Lakini mzazi akipokea ripoti haoni alama tatu. Anaona kwamba mwanawe "amekuwa wa ishirini". Na hata kama watoto wote arobaini na watatu wangepata zaidi ya alama 80, bado angekuwapo wa arobaini na tatu. Nafasi haimwambii mzazi mtoto anajua nini. Humwambia tu ni watoto wangapi wamesimama mbele yake.

Mtoto aliyeshika nafasi ya mwisho alikuwa msichana ambaye mama yake anauza ndizi na maparachichi karibu na kituo cha daladala. Aliingia Januari bila kupitia darasa la awali, hajui kushika penseli, na Kiingereza hajawahi kukisikia isipokuwa kwenye televisheni ya jirani. Mdogo wangu alinionyesha daftari lake la kwanza na la mwisho. Katika la kwanza palikuwa na mikwaruzo iliyotoboa karatasi. Katika la mwisho palikuwa na sentensi nne zilizokaa juu ya mstari, zikieleza kuhusu paka. Wastani wake ulikuwa 52. Mimi hufundisha watu wazima, na sijapata kuona mwanafunzi wangu yeyote akisafiri umbali kama ule kwa miezi kumi. "Sasa kaka," aliniuliza mdogo wangu, "huyu nimwandikie kwamba ni wa mwisho? Wa mwisho katika nini?"

Agizo la kujaza kisanduku kile lilitoka kwa mwalimu wa taaluma, naye alilipata kwenye kikao cha wazazi. Hapa ni lazima tuseme kweli: wazazi ndio wanaoitaka nafasi. Mzazi aliyelipa ada anataka kujua amepata nini kwa fedha yake, na namba moja iliyo chini ya karatasi humpa jibu la haraka asilohitaji kulifikiria. Shule nayo huitaka kwa sababu majirani huulizana. Ni soko, na soko halina subira na sentensi nne kuhusu paka.

Ila jambo lililonikaa moyoni ni kwamba kwenye ukuta ule ule, kabla hatujaubandua, palikuwa na picha ya mchungaji aliyebeba kondoo mabegani. Watoto walikuwa wameipaka rangi wenyewe katika kipindi cha dini. Kisa wanakijua kwa moyo: kondoo mia, mmoja akapotea, mchungaji akawaacha tisini na tisa akaenda kumtafuta. Walikuwa wamefundishwa pia habari ya mwenye shamba la mizabibu ambaye jioni aliwalipa vibarua wake ujira ulio sawa, walioanza alfajiri na walioanza saa kumi na moja jioni. Sisi wachambuzi wa uchumi wa siasa tumeandika kurasa nyingi kuhusu haki ya mgawanyo, na sijui kama tumewahi kuuliza swali gumu kuliko lile linaloulizwa na mfano huo. Shule ya kanisa humfundisha mtoto visa hivyo mwaka mzima, kisha Desemba humpa karatasi inayomwambia kwamba amehesabiwa, amepangwa, na yeye ni wa arobaini na tatu. Mtoto ana akili ya kutambua lipi kati ya hayo mawili ndilo watu wazima wanaloliamini.

Wako watakaosema kwamba Biblia ina pia mfano wa talanta, na kwamba mtumwa mvivu alikemewa. Ni kweli. Lakini katika mfano huo watumwa wale hawakushindanishwa wao kwa wao. Aliyepewa mbili akaleta nyingine mbili alipokewa kwa furaha ile ile aliyopokewa yule aliyepewa tano. Kila mmoja alipimwa kwa alichopewa. Kama hiyo ndiyo kanuni, basi msichana wa mama muuza ndizi alistahili sherehe.

Nisieleweke vibaya. Sina nia ya kuyabeza makanisa. Historia ya elimu nchini mwetu haiwezi kuandikwa bila hayo. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, miongoni mwa wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani, watoto wasio na mzazi wa kulipa chochote. Mwalimu Nyerere mwenyewe alifundisha katika shule za Kikatoliki za Tabora na Pugu kabla ya kuacha kazi na kuingia katika siasa. Elimu hiyo ilikuwa na dosari zake pia. Watoto wengi wa Kiislamu waliona mlango wa shule ukiwa karibu mno na mlango wa ubatizo, na hayo ndiyo mojawapo ya sababu zilizoifanya serikali ipitishe Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 na kuzitwaa shule nyingi za misheni ili ziwe za watoto wote bila kujali dini.

Katika darasa la mdogo wangu watoto tisa ni wa Kiislamu. Wazazi wao wamewaleta kwa sababu zile zile zilizowaleta wengine: nidhamu, Kiingereza, na vyoo safi. Hawakimbii msikiti, na shule, kwa heshima yake, haiwalazimishi kitu. Mpaka wa dini ambao wazee wetu waliuhangaikia mwaka 1969 umepungua makali katika chumba kile. Mpaka uliosimama mahali pake ni wa ada. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilifungua mlango kwa watu binafsi na mashirika kuanzisha shule, na makanisa yakarudi katika kazi yao ya zamani. Lakini yalirudi katika nchi tofauti, ambamo shule ni bidhaa na mzazi ni mteja.

Hilo lilidhihirika kwenye agizo la pili. Mhasibu alileta orodha ya watoto sita ambao wazazi wao walikuwa bado wanadaiwa ada. Ripoti zao zijazwe, agizo lilisema, lakini zibaki ofisini mpaka deni limalizike. Msichana wa nafasi ya mwisho alikuwa kwenye orodha ile. Agizo la tatu lilihusu watoto watatu waliopendekezwa kukariri darasa ili "wasije kushusha wastani wa shule" huko mbele. Naye alikuwamo pia. Mtoto mmoja alikuwa ameangukia katika maagizo yote matatu, na hakuna hata moja lililotolewa na mtu aliyewahi kuliona daftari lake.

Nilikuwa tayari kukasirika, lakini mdogo wangu alinizuia. Alinikumbusha kwamba shule ile haipokei ruzuku, kwamba mshahara wa walimu na unga wa uji vinatoka kwenye ada hizo hizo, na kwamba mshahara wake wa Oktoba ulichelewa kwa wiki tatu kwa sababu ya madeni ya namna hiyo. "Mhasibu si mtu mbaya, kaka. Ana karatasi yake ya kujaza kama mimi nilivyo na yangu." Huo ni uchambuzi bora kuliko mwingi niusomao kwenye tasnifu. Dhuluma nyingi za nchi hii hazina mhusika mwovu. Zina fomu, na kila mtu anajaza sehemu yake.

Alichofanya yeye ni hiki. Kisanduku cha nafasi alikiacha wazi katika ripoti zote arobaini na tatu, cha wa kwanza na cha wa mwisho. Mahali pa maoni aliandika mambo matatu kwa kila mtoto: alichokuwa hajui Januari, anachokijua sasa, na kitu kimoja cha kufanya nyumbani wakati wa likizo. Kisha, kwa kuwa ripoti huandikwa kwa Kiingereza na wazazi wengi hawakisomi, aliyaandika maoni yale kwa Kiswahili kwenye karatasi ya pili. Kuhusu watatu waliotakiwa kukariri, alipeleka madaftari yao kwa mwalimu mkuu na kumwomba ayapitie mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, na huhuishwa Desemba. Alilijua hilo alipoziacha zile nafasi wazi.

Mwalimu wa taaluma alizirudisha ripoti Jumatatu. Palikuwa na kikao. Sikuwapo, lakini nilielezwa kwamba mwalimu mkuu aliyasoma madaftari ukurasa kwa ukurasa, na mwishowe ilikubaliwa hivi: orodha ya nafasi ibaki ofisini, na mzazi anayeitaka aiombe. Wawili kati ya wale watatu wakaruhusiwa kuendelea darasa la pili, akiwemo msichana wetu. Wa tatu angejadiliwa na wazazi wake. Agizo la ada halikubadilika. Ripoti sita zilibaki ofisini.

Siku ya kufunga shule nilirudi kumsaidia kubeba makopo na chati. Watoto waliimba, wakasali, wakapewa biskuti na juisi. Wazazi waliingia mmoja mmoja, na wale sita mdogo wangu aliwakalisha mwisho, darasa lilipopungua watu. Hakuwapa karatasi, kwa kuwa hakuruhusiwa. Aliwafungulia madaftari. Mama muuza ndizi alikuja na khanga yake ya kazini, akaketi kwenye kiti kidogo cha mtoto. "Mama, shikamoo," mdogo wangu alimwamkia, ingawa hawajapishana sana kwa umri. Kisha akamwambia binti asome ile habari ya paka. Binti akasoma, akiweka kidole chini ya kila neno. Mama hakuelewa Kiingereza kile, lakini alielewa kwamba mwanawe anasoma. Akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo hajafeli, Mwalimu?" Akajibiwa: "Hajafeli, mama. Amepanda darasa."

Jambo linalonisumbua ni kwamba swali hilo halikuhusu kusoma. Tayari mama yule, ambaye hajawahi kuona kisanduku cha nafasi, alikuwa amekuja akitarajia hukumu. Hofu hiyo ameipata wapi? Ameipata kwetu sote. Ameipata kwenye mabango ya shule yanayopongeza waliofaulu, kwenye mahafali, kwenye matangazo ya redio ya kila msimu wa matokeo. Katika *Elimu ya Kujitegemea* ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alionya kwamba shule ya msingi isigeuzwe kuwa chekeche la kuchagua wachache wa kuendelea mbele, bali iwe elimu iliyotimia kwa kila anayeipitia. Zaidi ya nusu karne baadaye tumelishusha chekeche hilo hadi kwa watoto wenye meno ya utoto.

Dalili za kuamka zipo. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha utaratibu wa kutaja shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Mtaala ulioboreshwa, ambao ulianza kutumika darasa la kwanza Januari 2024, unasisitiza umahiri: mtoto anaweza kufanya nini. Lakini umahiri na nafasi haviwezi kukaa katika karatasi moja bila kimoja kukimeza kingine. Mzazi akikuta sentensi tatu za umahiri na namba moja ya nafasi, atakumbuka namba. Kama taifa limeona haifai kuwapanga vijana wa kidato cha nne hadharani, kwa hoja ipi tunaendelea kuwapanga watoto wa darasa la kwanza?

Kwa hiyo nina maneno kwa makundi matatu ya wasomaji wangu. Kwenu watumishi wa umma mlio wizarani na kwenye ofisi za elimu za halmashauri: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Deni ni la mzazi. Taarifa za maendeleo ni za mtoto. Waraka mfupi unaotenganisha mambo hayo mawili, na unaoondoa nafasi katika ripoti za darasa la kwanza na la pili, hauhitaji bajeti. Na mnapoutunga, msiisahau shule inayolipa mishahara kwa ada peke yake, kwa sababu mwalimu asiyelipwa naye ni suala la haki.

Kwenu wanaharakati: tumezoea kupigania mtoto aandikishwe shule, na hilo ni jema. Lakini anapokwisha kuandikishwa, nani anasoma kile kinachoandikwa juu yake? Ombeni kuziona fomu. Siasa ya elimu imo kwenye fomu.

Na kwenu wanafunzi wangu, ambao wengi wenu mlikuwa wa kwanza, wa pili na wa tatu tangu mkiwa na miaka sita: nawaona kila muhula mkija ofisini kwangu si kwa sababu hamkuelewa mada, bali kwa sababu mwenzenu amepata B+ na ninyi mmepata B. Siwalaumu. Mlifundishwa hivyo kabla hamjajua kufunga kamba za viatu. Lakini mkumbuke kwamba ili mmoja wenu awe wa kwanza, palikuwa na mtoto upande wa pili wa orodha, na huenda alikuwa amejifunza mengi kuliko ninyi mwaka ule.

Ninapoandika haya, Desemba imepita na mdogo wangu bado hajapokea barua ya kuhuishwa mkataba. Hajapokea pia ya kuuvunja. Ameanza kukata manila mpya kwa ajili ya chati za Januari. Nilimuuliza kama ana hakika atakuwepo. Akanijibu kwamba watoto watakuwepo, na herufi zile zile zitahitajika, yeyote atakayewafundisha.